Umoja wa viwanda vya Japani haukuanguka toka mbinguni



Mara mingi tunasikia: "Wajapani wanasaidiana juu njo tabia yao." Sisi tunasema hapana. Tuangalie vile ilianza.

Mwaka 1939 Toyota ilikuwa kampuni changa mu jimbo la Aichi, na ilinunua piesi mingi kwa viwanda vya wengine. Ikaandika mu kanuni zake: kiwanda kikisha kuchaguliwa, kitahesabiwa kama tawi la Toyota, na itakisaidia kuinuka. Mwaka 1943, katikati ya vita, vitu vikiwa haba, wenye viwanda vile wakaunda chama chao, Kyohokai.

Kisha vita, taabu ikazidi. Mwaka 1949 Joseph Dodge, mtu wa benki toka Marekani, aliwekea inchi mpango mukali wa pesa, mikopo ikakauka. Desemba ile, Toyota ikakata idara yake ya umeme wa gari: njo Denso ya leo. Ikajitegemea, lakini ikaendelea kuuzia Toyota. Mwaka 1950 wafanyakazi waligoma, na Kiichiro Toyoda, mwanzilishi, akajiuzulu. Oda za kamyo za vita ya Korea njo ziliokoa kampuni.

Wapendwa, tusidanganyane: haikuwa mapendo tupu. Wakubwa wengi wa Japani walikuwa wanachelewesha malipo ya wadogo. Shida ikija, mudogo njo anaibeba. Ndiyo maana mwaka 1956 kulitoka sheria ya kukataza ucheleweshaji ule. Ahadi peke yake haikutosha.

Matunda yakaonekana tarehe 1 Februari 1997. Moto uliunguza kiwanda cha Aisin, kule Kariya, chenye kilitengeneza karibu piesi zote za namna moja za breki za Toyota. Akiba ilikuwa ya masaa tu, kazi ikasimama. Viwanda vingine vikachukua michoro na kuanza kutengeneza, bila kwanza kubishana bei. Hata Brother, watu wa cherehani, waliingia. Kisha siku chache, magari yakaanza kutoka tena.

Vijana, umoja ule ulijengwa miaka karibu 60: kwa shida, kwa mapatano ya kuandikwa, na kwa sheria ya kulinda mudogo. Mwenye kuwaambia "tuungane" bila kusema nani atalipwa lini, mumuulize.