Fungu Lisitoke Pungufu
Ndugu wanachama,

Msimu uliopita tulikosea. Mama mmoja aliagiza mbolea mifuko 2, mbegu pakiti 5 na jembe 1. Alipofika nyumbani, mbegu hazimo. Mvua ikaanza, naye yuko njiani kurudi ghalani. Kosa lilikuwa letu: tulichanganya mizigo ya watu.

Sasa tunafanya hivi. Kwanza tunajumlisha maagizo yote ya siku. Tunatoa mbolea yote mara moja, kisha mbegu, kisha majembe. Halafu tunagawa mafungu, kila fungu na karatasi yenye jina la mwenyewe. Mmoja wetu anasoma, mwingine anahesabu. Kikikosekana kitu, fungu halitoki.

Nanyi ndugu, kusoma mnajua. Isomeni karatasi hapo hapo mlangoni, mhesabu, ndipo mtie sahihi.