Namba ya Nani Imeandikwa?



Msimu uliopita mama yangu alipanda bila mbolea ya ruzuku. Jina lake lilikuwa kwenye sajili ya wakulima. Ujumbe ulitumwa, ila uliingia kwenye laini yangu ya zamani, ambayo nilishaitupa Nairobi. Kosa ni langu.

Ndugu zangu wa Makueni, mwaka 2023 bei ya mfuko wa kilo 50 ilishushwa hadi shilingi 2,500. Lakini asiyesajiliwa kwa kitambulisho, ukubwa wa shamba na namba ya simu anayoishika mwenyewe haupati. Basi mkifika nyumbani, kabla mbuzi hajachinjwa, ulizeni: namba ya nani imeandikwa? Ikiwa si yake, mpelekeni kwa chifu au afisa wa kilimo irekebishwe.

Na mbolea bila matuta huishia mtoni. Fanya juu tunaijua: chimba mtaro, tupa udongo upande wa juu, panda nyasi ukingoni. Mwombeni afisa awaonyeshe mteremko ulivyo kabla ya kuchimba.

Mchango wa leo utanunua majembe, na nauli ya vijana watakaopita boma kwa boma wakihakikisha namba hizo. Mimi naanza. Karibuni.