Maradhi ya Mihogo Bustanini



Yako maradhi tunayompelekea jirani kwa mikono yetu wenyewe, tena kwa nia njema. Nayo ni batobato ya mihogo, iliyotajwa mwaka 1894 katika nchi iitwayo leo Tanzania. Majani hujikunja na kutoka mabaka ya manjano, na shina hudumaa. Nzi weupe huyaeneza karibu. Vipando huyachukua mbali, kwa kuwa yamo ndani ya mti.

Mimi mwenyewe nilimpa shemeji yangu mzigo wa vipando. Akavuna mizizi mfano wa vidole. Basi tuchague mbegu majani yangali mtini, tung'oe mche ulioambukizwa ungali mchanga, wala tusimpe mtu tusichokubali kukipanda wenyewe.