Foleni Saba za Mgonjwa Mmoja

Katika hospitali nyingi za Serikali hapa Tanzania mgonjwa wa nje hapangi foleni moja. Anaanzia dirisha la kadi, kisha la fedha, lililoongezeka uchangiaji ulipoanza mwaka 1993, ndipo amwone daktari. Akiandikiwa kupima damu, hurudi kulipa, huenda maabara, halafu hupanga tena kwa daktari yule yule, nyuma ya waliofika sasa hivi! Dirisha la dawa bado. Kwa nini mwenye majibu mkononi asiingie moja kwa moja? Na mtoto mwenye degedege, je, naye angoje namba yake? Muuguzi mmoja apite kwenye mabenchi tangu asubuhi, awatangulize waliozidiwa. Kwa hilo hatuhitaji kumngoja mfadhili.