Mgonjwa asiende peke yake



Mwenzetu mmoja, tangu turudi Vitshumbi, ameenda kituoni mara mbili na homa. Mara zote mbili alipewa vidonge bila kupimwa damu, alipouliza, akafokewa. Sasa anakataa kabisa. Hatumlaumu. Mwaka 2018, wakati wa Ebola, kura ya Beni na Butembo iliahirishwa kwa sababu ya ugonjwa, na wengi wakazidi kukimbia wamunganga. Sisi huku tulisema ni ujinga!

Lakini kolera haingoje hasira iishe, na maji tunachota ziwani. Basi tumekubaliana: mmoja wetu anaingia na mgonjwa, anauliza dawa ni ya nini, anaandika.

Tulimwambia yeye. Akajibu: «Kesho. Lakini ninyi mtangulie.»