Mkuu wa Kituo na Majirani Zake
Hotuba kwa wakazi wa Thika na Ruiru



Baraza la leo linahusu maisha ya kazi ya mtu ambaye wengi humjua kwa cheo tu: mkuu wa kituo cha polisi, au OCS kama anavyoitwa mtaani. Watu humkumbuka siku simu imeibwa au kijana amekamatwa. Siku nyingine zote hakuna anayeuliza ametoka wapi wala amefikaje pale.

Wengi wao walianzia Kiganjo, kule Nyeri, wakiwa vijana. Walitoka makonstebo. Baada ya hapo kuna ukoplo, usajini, kisha uinspekta, na katikati ya vyeo hivyo kuna miaka ya zamu za usiku, mahakamani asubuhi, na uhamisho uliofika wakati mtoto yuko darasa la nane. Anayekabidhiwa kituo kama Thika, Makongeni au Ruiru huwa ameshafanya kazi katika kaunti kadhaa. Akifika miaka 60 anastaafu, na mara nyingi anabaki kuishi pale alipokuwa amejenga au kupanga, miongoni mwa watu wale wale aliowahi kuwaandikia taarifa.

Afisa aliyeingia kazini miaka ya 1990 ameona utumishi ukigeuka mikononi mwake. Alianza chini ya Kamishna wa Polisi, huku askari wa utawala wakiwa na sheria yao na wakubwa wao. Katiba ya 2010 ikaviweka vikosi hivyo viwili chini ya utumishi mmoja, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ikapitishwa 2011, na David Kimaiyo akawa Inspekta Jenerali wa kwanza mwishoni mwa 2012. Kifungu cha 244 cha Katiba kinaitaka huduma hiyo ijenge uhusiano mwema na jamii. Kumfundisha mtu aliyezoea kuamrisha kwamba sasa anatakiwa asikilize ni kazi ya miaka, na haijaisha.

Badiliko lililowagusa zaidi watu wa huku lilikuja 2018. Mwaka huo serikali ilitangaza kwamba maafisa wanaweza kuishi nje ya kambi na kupewa marupurupu ya nyumba. Wengi wakahama laini za polisi wakaja kupanga Kimbo, Ngoingwa, Makongeni na Githurai. Ghafla konstebo akawa mtu wa mlango wa pili, anayesubiri maji ya bomba kama wewe na kumdai mwenye nyumba arekebishe kufuli. Wapo walioona ni hatari, kwa sababu afisa akiwa amelala chumbani mtaani hana ukuta wala mlinzi. Hofu hiyo si ya bure. Lakini kuna jambo lililopatikana: mama mboga wa getini anayemjua kwa jina humwambia mambo ambayo hangekwenda kuyasema kituoni.

Na mambo ya kuambiana yameongezeka. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 katika mji wa Ruiru. Ile ya 2019 ilihesabu 490,120, na kuufanya uwe mji wa nne kwa wingi wa watu nchini, mbele ya Eldoret na Kisumu. Thika ilikuwa na 251,407. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi 2012, mashamba ya kahawa yalikuwa tayari yanakatwa ploti. Mkuu wa kituo anayepangiwa Ruiru leo anapewa mji ulioongezeka maradufu katika miaka kumi, na nusu ya wakazi wake hawajui jina la jirani.

Hapo ndipo Nyumba Kumi inapoingia. Wazo lilitoka Tanzania, ambako mjumbe wa nyumba kumi amejulikana kwa miaka mingi. Kenya ililichukua baada ya shambulizi la Westgate la Septemba 2013, na mkuu wa mkoa mstaafu Joseph Kaguthi akapewa kuongoza kamati yake. Kijijini linaeleweka haraka. Kimbo ni habari nyingine: milango kumi ni ngazi moja ya ghorofa moja, na wapangaji watatu kati ya hao watakuwa wamehama mwezi ujao. Kwa hiyo pale linapofanya kazi, huwa ni kwa sababu limeshikwa na watu wasiohama: mlinzi wa ploti, mwenye duka, mwenyekiti wa stendi ya bodaboda, mama wa chama. OCS anayejua kazi yake huwatafuta hao katika wiki ya kwanza, kabla hata ya kumaliza kusoma mafaili aliyoachiwa.

Ugumu ni kwamba OCS huhamishwa. Mtaa ukimzoea, anapelekwa kwingine, na imani iliyojengwa inaondoka na mtu mmoja. Sheria ya 2011 iliona tatizo hilo. Inataka kamati za ulinzi wa jamii zenye wawakilishi wa wananchi na maafisa pamoja, na juu yake Mamlaka ya Polisi ya Kaunti inayoongozwa na gavana au waziri wa kaunti atakayemteua, ikiwa na wajumbe wa bunge la kaunti, wakuu wa usalama, na watu kutoka biashara, dini, vijana, wanawake na wenye mahitaji maalum. Polisi wenyewe wanabaki chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti haiwezi kumwajiri wala kumhamisha konstebo, ingawa taa za barabarani na leseni za baa ziko mikononi mwake, na yeyote aliyetembea usiku anajua hizo zina uzito gani.

Sasa upande wa mwananchi. Mwanamke aliyepigwa nyumbani anaambiwa na majirani akavumilie, na akifika kituoni anaogopa ataombwa pesa. Fomu ya P3 hailipiwi. Ukiripoti jambo lolote, liandikwe kwenye kitabu cha matukio, na usiondoke bila nambari ya OB; bila hiyo, kesho hakuna anayejua ulifika. Aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa muda huo umeangukia wikendi au sikukuu. Dhamana ya pesa taslimu hutolewa risiti, na pesa hizo hurudishwa. Afisa mwema hachukizwi na mtu anayeyajua haya. Kinachomchosha ni mtu anayekuja siku ya tatu, ushahidi umeshafuliwa.

Nambari za dharura ni 999 na 112. Dhuluma za kijinsia, 1195. Mtoto aliye hatarini, 116. Anayemlalamikia afisa apigie IPOA, 1559, bila malipo.

Baada ya hapa ni maswali. Wanaolalamikia taa zisizowaka wamwachie msimamizi wa wadi jina la barabara na jengo lililo karibu, na wanaotaka kuzungumza na mkuu wa kituo peke yake watamkuta chini ya mti ule mpaka saa kumi.