Kukodisha Shamba kwa Mkulima: Muda, Rutuba na Maandishi

Kukodisha shamba ni kumpa mkulima mwingine haki ya kulima ardhi kwa kipindi kilichowekwa na kwa malipo, huku mwenyewe akibaki na miliki yake. Nchini Tanzania utaratibu huu umeenea kwenye mabonde ya mpunga ya Kilombero, Usangu na Kyela, kwenye mashamba ya nyanya na vitunguu mkoani Iringa, na kwenye nyanda za mahindi na viazi mviringo za Njombe na Mbeya. Wanaokodisha ni wazee waliopungukiwa nguvu, wajane, vijana waliohamia mjini, na familia zenye ardhi zisizo na mtaji wa mbegu na mbolea. Wanaokodi ni vijana ambao hawajarithi ardhi, wafanyabiashara wa mazao na wafanyakazi wa mishahara wanaolima kwa ziada. Makala hii inalitazama jambo hili kwa upande wa mwenye shamba. Mazungumzo mengi ya kukodisha huanza na bei na kuishia kwenye bei, ilhali kinachoamua hali ya shamba baada ya miaka mitano ni muda wa mkataba.

Nani ana haki ya kukodisha

Kwa sheria ya Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anachomiliki mwananchi ni haki ya kuitumia. Kijijini haki hiyo ni hakimiliki ya kimila, iwe na hati au isiwe nayo, na inatawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Sheria hiyo inamruhusu mwenye hakimiliki kumpa mtu mwingine haki ya kutumia ardhi kwa muda, na kwa kawaida inataka halmashauri ya kijiji iridhie. Mgeni asiye raia hapaswi kabisa kukodishwa kienyeji. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, inamruhusu kupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu, kupitia mamlaka zinazohusika.

Shida kubwa zaidi iko ndani ya familia. Shamba la marehemu ambalo mirathi yake haijagawanywa hukodishwa na ndugu mmoja, kisha mwingine anatokea mahindi yakiwa yamefika magotini na kudai kuwa hakushirikishwa. Mkulima aliyekwisha kulipa na kupanda ndiye anayeumia kwanza. Kwa shamba la urithi anayepaswa kutia sahihi ni msimamizi wa mirathi, na kwa shamba la mume na mke wote wawili wanapaswa kusaini. Mke anayelima shamba hilo kila mwaka kisha akasikia kwa majirani kwamba limekodishwa ametendewa dhuluma, hata kama mila ya mahali haioni tatizo.

Ukubwa na mipaka

Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Vijijini hupimwa kwa hatua 70 kwa 70, na kipimo hicho hutegemea miguu ya anayepima. Hatua ya sentimita 90 inatoa mita 63 kila upande, yaani mita za mraba 3,969, karibu na ekari kamili. Hatua ya mita moja inatoa mita za mraba 4,900, na mwenye shamba anakuwa ametoa zaidi ya moja ya tano ya ziada bila malipo. Kamba ya mita inamaliza ubishi huo kwa asubuhi moja. Mipaka ipitiwe kwa miguu pande zote wakiwepo majirani, na alama zake ziandikwe.

Namna za malipo

Njia tatu ndizo za kawaida. Ya kwanza ni fedha taslimu kabla ya msimu. Mwenye shamba anapokea chake mapema, na hasara ya ukame au mafuriko yote inamwangukia mkulima. Ya pili ni magunia yaliyokubaliwa kwa kila ekari, yanayolipwa baada ya mavuno. Hapa bei ya mazao ikipanda mwenye shamba ananufaika, lakini mkulima bado anadaiwa magunia yale yale hata mvua ikigoma. Ya tatu ni kugawana mavuno, nusu kwa nusu au kwa theluthi, kutegemea nani ametoa mbegu, mbolea na vibarua. Kugawana kunagawa pia hasara, ila kunamtaka mwenye shamba awepo siku ya kuvuna na kupima. Gunia nalo litajwe kwa kilo, kwa kuwa gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, na gunia la kilo 100 si kitu kimoja.

Bei hushuka pale mwenye shamba anapokodisha kwa shida. Ada ya shule au ugonjwa humfanya apokee fedha ya misimu miwili au mitatu kwa mkupuo, kwa bei ambayo asingeikubali akiwa ametulia. Malipo kwa awamu, nusu kabla ya kupanda na nusu baada ya kuvuna, humlinda zaidi.

Muda na rutuba

Anayekodi kwa msimu mmoja ana sababu ya kuchota rutuba na hana sababu ya kuirudisha. Tani moja ya punje za mahindi huondoka na naitrojeni ipatayo kilo 15. Ekari iliyotoa magunia 20 ya kilo 100 imepoteza kilo 30 hivi kwa punje peke yake, wakati mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Mabua yakichomwa au kubebwa, hasara inaongezeka, na yakibebwa huondoka hasa na potasiamu. Misimu mitatu ya namna hiyo bila samadi wala zao la jamii ya kunde inatosha kuonekana kwa macho: mahindi ya njano, magugu sugu, udongo mgumu baada ya mvua.

Mambo yanayoponya udongo huenda polepole. Samadi hutoa virutubisho vyake kwa zaidi ya msimu mmoja. Chokaa ya kilimo, inayohitajika kwenye udongo wenye tindikali wa Nyanda za Juu Kusini, huendelea kufanya kazi kwa misimu kadhaa. Fosfeti ya Minjingu, inayochimbwa mkoani Manyara, huyeyuka taratibu. Makinga maji huanza kulipa baada ya mvua za pili au tatu. Hakuna mkulima mwenye akili timamu atakayeweka gharama hizo kwenye shamba atakalolirudisha baada ya miezi sita, na si haki kumlaumu. Kwa hiyo mwenye shamba anayetaka ardhi itunzwe ampe mkulima miaka mitatu hadi mitano, na bei ya kila mwaka iandikwe tangu mwanzo au ipitiwe upya kila mwaka. Akishindwa kutoa muda huo, bei ya msimu mmoja iwe kubwa kiasi cha kumwezesha kununua samadi baadaye.

Aina ya zao ina uzito huo huo. Nyanya, viazi mviringo, bilinganya, pilipili na tumbaku hushambuliwa na mnyauko bakteria, ambao vimelea vyake hukaa ardhini kwa miaka na hauna dawa ya kuutibu shambani. Shina la mmea ulioathirika likikatwa na kutumbukizwa kwenye glasi ya maji safi, hutoa ute mweupe kama nyuzi za maziwa. Viazi vya mbegu vilivyonunuliwa sokoni bila kujulikana vilikotoka vinaweza kuuingiza ugonjwa huo, na mkulima akiondoka anauacha. Mkataba utaje zao la kila msimu, mzunguko wa mazao, na chanzo cha mbegu. Kupima udongo kabla na baada ya mkataba ndio ushahidi bora wa hali ya shamba.

Maji, mabaki na miti

Kwenye skimu za umwagiliaji iandikwe nani analipa ada ya maji na nani anatoa nguvukazi ya kusafisha mifereji. Mabua na pumba nazo zina mwenyewe, na wafugaji wakiruhusiwa kuingiza ng'ombe baada ya mavuno ijulikane ruhusa imetolewa na nani. Miti ya kudumu na vibanda vya matofali vikatazwe bila idhini ya maandishi, kwa sababu huzaa madai ya fidia siku ya kuachana.

Maandishi na migogoro

Aliyeingia shambani kwa ruhusa ya mwenyewe hawezi kulifanya lake kwa sababu tu amekaa muda mrefu. Ugumu ni kuithibitisha ruhusa hiyo. Muda wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12, na mashahidi wa maneno hufa au husahau. Karatasi yenye majina, mipaka, muda, zao, malipo, sahihi za pande mbili na za mashahidi, na muhuri wa kijiji inatosha kwa mashamba mengi madogo. Kila upande ubaki na nakala yake.

Ugomvi ukitokea, Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu ni wanawake, husuluhisha. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, Baraza la Kata nalo husuluhisha tu. Likishindwa hutoa uthibitisho, na shauri huamuliwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Safari hiyo ni ndefu na ya gharama kwa mtu wa ekari mbili. Halmashauri za vijiji zinaombwa zifungue, ndani ya masijala zao za ardhi, daftari la mashamba yaliyokodishwa, na watendaji wa vijiji waingize kila mkataba kabla jembe la kwanza halijapigwa.